Aliyekuja Kuota Moto kwenye Injini

Nyie mnaojua magari ndio nataka mkae mbele, kwa sababu nyie ndio mtakaonibishia. Asiyejua gari atasema makubwa haya, kisha ataendelea na chai yake. Lakini fundi ataniuliza: waya haukuwa umelegea? Betri ilikuwa na nguvu? Uliangalia swichi? Niliangalia. Vyote niliviangalia kwa mikono hii. Nilikuwa fundi wa dizeli pale Mpanda mjini, nimefundishwa kazi Tabora na mzee mmoja mkali aliyekuwa akituchapa kwa mkanda wa feni tukibahatisha ugonjwa wa gari badala ya kuupima. Sikuwa nimekunywa, sikuwa na homa, na habari za mizimu nilikuwa nazichekea. Mimi Mnyamwezi. Kwetu vitisho vipo vya kutosha, sikuwa na haja ya kwenda kuazima vya watu. Sasa nikikwambia kwamba jambo hili lilitokea, bisha upendavyo, ila usiniambie ilikuwa ndoto.

Ilikuwa miaka ya sabini, watu wakiwa wameshahamishiwa kwenye vijiji vipya vya kando ya barabara. Mke wangu Melania ni Mbende wa milima ya Mwese, na mimba ile ilikuwa ya kwanza, kwa hiyo alikwenda kwao kujifungulia kwa mama yake kama desturi inavyotaka. Mimi nikabaki Mpanda na spana zangu na ugali wangu mbichi. Siku moja tajiri wangu, mfanyabiashara wa mbao, akaniagiza nipeleke misumeno na mafuta kwa wapasuaji wake huko huko milimani, kwa pikapu yake ya dizeli yenye turubai. Niliona Mungu kanikumbuka. Nilishusha mizigo haraka haraka, na jioni nikawa ukweni.

Kama hujalala Mwese mwezi wa Juni, usijidanganye kwamba unaijua nchi ile. Huku chini, Mpanda au Sitalike, mtu unajifunika shuka moja na unaitupa usiku. Kule juu maneno yanatoka mdomoni na mvuke, na ukungu unashuka mpaka huoni mlango wa jirani. Nililala nimevaa viatu.

Usiku ule uchungu ukamshika Melania. Aliitwa mkunga wa pale kijijini, Mama Veronika, mwanamke mnene mwenye maneno machache. Majogoo ya kwanza yalipowika akaja kunigongea.

"Baba, mtoto kakingama tumboni," akasema. "Mie mikono yangu imefika mwisho. Kama gari lako linatembea, litembee sasa hivi. Jua likimkuta hapa, mie simo."

Tulimbeba Melania na godoro lake tukamlaza nyuma ya pikapu, chini ya turubai, na Mama Veronika akapanda naye. Nilimwona mke wangu kwa mwanga wa taa ya chemli. Alikuwa ameuma upindo wa kanga, jasho linamtoka katika baridi ile, na aliponiona aliniangalia kama mtu anayemwangalia dereva, siyo mume. Maana yake alikuwa na imani na mimi. Nasema kweli, sijawahi kuogopa imani ya mtu kama siku ile.

Hapo ninapaswa kuwaeleza habari za mama mkwe wangu. Kwa watu wa pale, mwanaume na mama wa mke wake hawasogeleani. Nikikutana naye njiani, yeye anaingia porini na kujifunika kanga uso mzima, mimi nainamisha kichwa mpaka apite. Jina lake, Skolastika, sikuwahi kulitamka akiwepo. Tukiwa na neno la kuambiana, tunampa mtu wa tatu alifikishe, hata kama tumesimama tunasikiana vizuri kabisa. Tangu nioe sikuwa nimeuona uso wake. Msifikiri ni chuki. Ndiyo heshima yenyewe, na mimi niliishika kuliko wao, maana mgeni akikosea hukumbukwa mpaka kwa wajukuu. Alfajiri ile alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko lake, mbali kidogo na gari, amenipa mgongo.

Nikaingia kwenye usukani. Sasa, kwa asiyejua: injini ya dizeli haina cheche kama ya petroli. Inawaka kwa joto. Ikilala kwenye baridi inahitaji kupashwa kwanza, na kazi hiyo inafanywa na plagi ndogo, moja kwa kila silinda, ambazo sisi mafundi tunaziita hita. Unageuza swichi, unasubiri, kijicho kwenye dashibodi kinaanza kuwa chekundu, ndipo unapiga stata. Niligeuza nikasubiri. Kijicho kikabaki cheusi. Nikapiga stata hivyo hivyo. Injini ikazunguka, ukatoka moshi mweupe, basi.

Wanaume wawili wa nyumba za jirani wakaja kusukuma. Lakini kijiji kile kimewekwa bondeni, barabara inapanda ukienda na inapanda ukirudi, na udongo ulikuwa umelowa umande. Tulisukuma na kusukuma, injini ikaguna tu. Wale wanaume wakaangaliana. Mmoja akasema wanakwenda kuamsha wengine na kukata miti ya machela, ili gari likishindikana mgonjwa abebwe. Abebwe kutoka Mwese hadi Mpanda! Mwanamke mwenye mtoto aliyekingama! Nilijua, na wao walijua, kwamba machela ile isingefika hospitali na watu wawili hai. Wakaondoka, nikabaki peke yangu na boneti.

Basi nikafanya nilichofundishwa. Hita za gari lile zilikuwa zimeungwa mfululizo. Umeme unaingia kwenye hita ya kwanza, unatoka unaingia ya pili, hivyo hivyo mpaka ya nne, ndipo unaishia kwenye chuma cha injini. Moja ikikatika, zote zinalala. Kuitafuta siyo kazi. Unachukua balbu ndogo yenye nyaya mbili, mmoja unaubana kwenye chuma, mwingine unagusisha kichwa cha hita moja baada ya nyingine. Balbu ikiwaka, umeme umefika. Ikikataa kuwaka, mkosaji umeshampita. Nikaegemeza chemli kwenye bodi, nikainama, nikaanza.

"Hodi. Kuna moto hapo?"

Sauti ilitoka nyuma ya bega langu, sauti ya mwanaume mtu mzima, iliyokauka. Sikugeuka. Ningegeuka kwa lipi? Nilijua watu wanaamshwa nyumba kwa nyumba, nikadhani ni mmoja wao. Na kule milimani kuna adabu moja: mtu akikuta moto wa wenzake, hata awe anatetemeka namna gani, hakai mpaka mwenye moto amwambie karibu. Na mwenye moto hana ruhusa ya kumnyima. Mimi, mkwe mwenye kujipendekeza, adabu zao zote nilikuwa nazo mdomoni kuliko wenyewe. Nikajibu nusu kwa adabu na nusu kwa hasira ya lile gari:

"Moto wenyewe ndio huu tunautafuta, baba. Karibu uote."

"Asante," akasema. "Nimetembea sana kutafuta pa kuota."

Akazunguka akasimama upande wa pili wa injini. Nilimtupia jicho. Alikuwa na koti zito la zamani, amelifunga kiunoni kwa kamba ya gome la mti, mikono ameificha kwapani. Alisimama kwa mguu mmoja, na wayo wa mguu mwingine anausugua kwenye ugoko, kama mtu aliyekanyaga umande tangu usiku. Hakuwa na viatu. Uso ulikuwa juu ya mwanga wa taa, sikuuona. Alinuka nta na moshi, harufu ya warina asali, na warina asali Mpanda ni wengi kuliko walimu. Nikarudi kwenye kazi yangu.

Balbu iliwaka kwenye hita ya kwanza. Nikagusa ya pili, ikawaka. Nikagusa ya tatu, kimya. Basi mkosaji ni ya pili, nikasema moyoni, tumempata. Nikaifungua, nikaipima pembeni kwa kuiunga na balbu. Balbu ikawaka vizuri kabisa. Hita nzima! Nikaisugua, nikairudisha, nikapima tena. Safari hii umeme ulifika ya tatu, ukafia hapo. Nikaifungua ya tatu. Nzima nayo. Nikairudisha. Sasa ilikuwa ya nne.

Nyie mafundi, mmewahi kuona ugonjwa unaotembea? Waya uliolegea unaweza kucheza, nakubali. Lakini hauhami kwa mpangilio, kutoka hita hadi hita, kama mtu anayesogea kwenye benchi. Ndipo nikaona kitu ambacho mpaka leo kikinijia nasimamisha kijiko. Yule mzee alikuwa akisogea. Nilipokuwa kwenye hita ya pili alikuwa amesimama usawa wa ya pili. Kwenye ya tatu, usawa wa ya tatu. Sasa alikuwa amekaribia dashibodi, usawa wa ya nne, ameinama juu yake, ametoa mikono kwapani na kuikunjua juu ya chuma.

"Bado kidogo, mwanangu," akasema. "Panaanza kuwa pazuri."

Huko nyuma Melania akapiga ukelele, ukakatika katikati. Mama Veronika akaita, "Baba, fanya haraka! Mtoto wa watu anapoa huku! Miguu imekuwa ya baridi!"

Nikamlilia mama mkwe bila kumwangalia, nikamwambia Mama Veronika amwambie alete makaa niyaweke chini ya injini. Ni njia ya madereva wa zamani; injini ikikataa kupashwa kwa umeme unaipasha kwa moto wa kuni. Mama mkwe alisikia kabla neno halijapelekwa. Alikuja na makaa mekundu kwenye gae la chungu, akayaweka chini hatua chache kutoka nilipo, akageuka. Nikayachukua, nikayasukuma chini ya injini. Na wallahi, niaminini, yale makaa yalizimika mbele ya macho yangu. Hayakufifia taratibu. Yaligeuka meusi yote kwa pamoja, bila mvuke, kama yamemwagiwa maji ya mtoni. Nikaweka kidole. Yalikuwa baridi.

Nikafanya jaribio la mwisho. Niliifungua hita moja nikaiacha ikiwa imeungwa na nyaya zake, ikining'inia nje ya injini ambapo naiona. Nikageuza swichi. Ule uzi wake mdogo ukaanza kuwaka, mwekundu kama ncha ya sigara. Moyo ukaniruka. Umeme upo, hita zinawaka! Yule mzee akaisogezea viganja. Nyekundu ikawa kahawia. Kahawia ikawa nyeusi. Yeye akashusha pumzi ndefu, pumzi ya mtu aliyekaa kwenye mafiga baada ya kazi, na pumzi ile haikutoa mvuke hata kidogo.

"Baba, tafadhali," nikamwambia, na sauti yangu ilikuwa ya mtoto. "Nina mgonjwa. Sogea kidogo."

"Si umenikaribisha?" akauliza. Hakuwa amekasirika. Alikuwa ameshangaa, na mshangao wake ndio ulionitisha kuliko yote.

Hapo nikasikia nyayo. Mama mkwe alikuwa anakuja kwangu moja kwa moja, na kanga ilikuwa mabegani. Uso wake ulikuwa wazi. Alisimama mbele yangu kiasi cha kunishika, mama wa mke wangu, akaniangalia machoni. Nilitaka kukimbia. Msicheke. Yule mzee alinitia baridi, lakini uso wa mama mkwe ulinitia aibu mpaka nikataka ardhi inimeze. Ulikuwa uso wa Melania, uliozeeka.

"Baba," akaniambia, "unaongea na nani?"

"Na huyu mzee hapa."

"Hapo hapana mtu. Nakusikia tangu mwanzo. Unakaribisha moto watu wasiokuwepo, na makaa yangu yamezimika." Midomo ilikuwa inamcheza. "Niambie kavaa nini."

Nikamwambia. Koti, kamba ya gome, mguu mmoja kwenye ugoko. Nilipofika kwenye mguu akaweka mikono kichwani.

"Ni baba yake Melania," akasema.

Mimi nilijua tu kwamba baba mkwe alifariki kabla sijaoa. Alifariki vipi, hakuna aliyenieleza na mimi sikuuliza, maana ukweni hauulizi. Pale pale, kwa haraka, mama mkwe akanieleza. Mumewe alikwenda kukagua mizinga yake porini msimu wa baridi kama huo, na hakurudi. Wanaume walimtafuta, wakaona kamba yake na kikapu cha nta, basi. Hapakuwa na maiti, kwa hiyo hapakuwa na kaburi, wala haukuwashwa ule moto wa msibani ambao waombolezaji wanalala nje wakiuota. Yeye mwenyewe aliweka kuni mafigani kila usiku, ili mumewe akirudi aone pa kuota. Kisha lori la kuhamisha watu likaja. Kwa desturi yao, mtu akihama anabeba kijinga cha moto kutoka jiko la zamani akawashe jipya. Lakini nani atakubali upande lori lenye magunia na mapipa ukiwa na kijinga? Walimwambia atupe, akatupa. Jiko la zamani likabaki majivu, na huku akawasha moto kwa kibiriti cha dukani.

"Amerudi akakuta hatupo," akasema. "Anatutafuta kwa baridi yote hii."

Kwenye gari Melania alikuwa haguni tena. Ukimya ule ndio uliotusukuma sisi wote wawili. Mama mkwe akageukia upande wa pili wa injini, upande ambao kwake ulikuwa mtupu, akatazama kidogo pembeni ya pale mzee alipokuwa.

"Baba Melania," akasema. "Huyo unayemnyonya joto ni mwanao. Yuko humu ndani ya gari, na mjukuu wako yuko ndani yake."

Mzee akainua kichwa. Akazungumza, lakini mkewe hakusikia. Mzee akaniangalia mimi. Siku zote mimi na mama mkwe tulihitaji mtu wa tatu wa kutufikishia maneno. Alfajiri ile mtu wa tatu nikawa mimi.

"Anasema hakujua," nikamwambia. "Anasema anasikia baridi, hajui kitu kingine. Anasema huyu kijana kamkaribisha, na hawezi kuacha moto aliokaribishwa mpaka akaribishwe kwingine."

Mama mkwe hakufikiri hata kidogo. Au labda alikuwa ameshafikiri kwa miaka. "Mwambie mwenye moto wake ni mimi. Mwambie karibu kwangu, aote."

Mzee akatazama mlango wa jiko. Kisha akasema neno moja, na nikalifikisha kama lilivyo, ingawa nilitamani nilimeze: "Anauliza, moto wako unatosha watu wawili?"

Mama mkwe aliangalia nyuma ya pikapu, pale turubai lilipokuwa limefungwa.

"Mwambie unatosha," akasema.

Akavuta kanga akajifunika uso, akageuka, akatembea kwenda jikoni kwake bila kuangalia nyuma. Yule mzee akamfuata. Alipita karibu yangu na mkono wangu wa kushoto ukafa ganzi mpaka begani. Wakaingia wote wawili, na mwanga wa jiko, uliokuwa ukitokeza mlangoni, ukashuka ghafla kama utambi uliopunguzwa.

Hita iliyokuwa ikining'inia iliwaka nyekundu, kisha rangi ya machungwa. Niliifunga kwa vidole vilivyoungua na sikujali. Kijicho kwenye dashibodi kikafunguka. Nikapiga stata, injini ikashika mara moja, ikanguruma bonde zima. Sikuaga. Nilipanda kile kilima kama mwizi, na jua lilipotoka tulikuwa tumeshaanza kushuka kuelekea Mpanda. Hospitali walimpasua. Mtoto alitoka hai, msichana, analia kwa nguvu kama anadai kitu. Tukamwita Skolastika, kwa kifupi Skola.

Mnafikiri kisa kimeishia hapo? Ningependa kiishie hapo.

Mama mkwe aliishi miaka mingi baada ya alfajiri ile, lakini hakupata joto tena. Nilishuhudia. Kuni zilikuwa zinawaka jikoni kwake, miali unaiona, na sufuria inakaa juu yake tangu asubuhi hadi adhuhuri maji hayajachemka. Maharage alipeleka kupika kwa Mama Veronika. Saa sita mchana, jua la kupasua kichwa, unamkuta ameketi mafigani na blanketi mbili, amebakiza nafasi kwenye kigoda cha pembeni. Melania alimwomba mara nyingi aje akae nasi Mpanda, kwenye joto. Jibu lake lilikuwa lile lile: "Nikiondoka mie, yeye ataota kwa nani?" Melania alidhani mama yake ameanza kuchanganyikiwa. Mimi sikumweleza, maana ningeanzaje kumwambia mtu kwamba uhai wake umelipiwa na mama yake, na unaendelea kulipiwa kila siku?

Alifariki msimu wa baridi. Tulimzika vizuri, kwa padri na kwa nyimbo, na moto wa msiba ukawashwa nje ukawaka kweli kweli. Niliuota. Nikasema moyoni, sasa wamepumzika wote wawili.

Halafu Skola alikua, akaolewa, na mimba yake ya kwanza akaja nyumbani kwetu Mpanda kujifungua, kama desturi. Mtoto alizaliwa salama, mdogo sana, mdogo wa kutisha. Mkunga akatuonya: huyu msimwache apate baridi hata kidogo. Kwa hiyo jiko la makaa lilikaa chumbani usiku kucha, dirisha wazi kidogo, na Melania ndiye aliyekuwa akililinda.

Alfajiri moja ya Juni nilitoka niwashe gari langu, niende kazini. Nikageuza swichi. Kijicho kikabaki cheusi. Nikafungua boneti, nikatoa balbu yangu, nikapima. Ya pili. Kisha ya tatu. Sikuendelea. Nikasimama na balbu mkononi, na mkono wa kushoto ukaanza kufa ganzi.

Nyuma yangu, mbali kidogo, mwanamke akakohoa. Kikohozi kifupi, cha adabu, kile ambacho mama mkwe alikuwa akikitoa njiani ili nijue anakuja nimpishe. Hakusema hodi. Hata huko alikokuwa hakuwa tayari kuniita, mimi mkwewe. Nilijua bila kugeuka kwamba amejifunika uso, na kwamba hayuko peke yake, na kwamba wanangoja neno moja tu kutoka kwangu. Mwanamke aliyenipa mke wangu, mwanangu na mjukuu wangu alikuwa amesimama kwenye baridi uani kwangu, na mimi nilikuwa na neno lake mdomoni.

Nililimeza. Nilifunga boneti taratibu, nikatembea mpaka mlangoni nimeinamisha kichwa, nikaingia, nikafunga komeo. Machozi yalikuwa yananitoka na nilikuwa nimeuma kofia nisisikike. Melania aliinua macho kutoka kwenye jiko la makaa.

"Nani anakohoa nje?" akaniuliza. "Kama sauti naijua."

Nikamwambia hakuna mtu.

Yule mjukuu sasa ni mwanaume mwenye ndevu. Kila Juni bado nasikia kile kikohozi, wakati mwingine karibu na gari, wakati mwingine karibu na mlango wa jiko, na kila mara nanyamaza, na kila mara naingia ndani nikiwa nimepungua. Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, usicheze na ukarimu gizani. Mtu akija kwako alfajiri, mpe maji, mpe chakula, mwonyeshe njia, lakini neno la kumkaribisha moto usilitoe mpaka umemulika uso wake na umeona mvuke ukitoka mdomoni mwake. Ukishalitoa halirudi. Na ukilimeza, kama nilivyolimeza mimi, nalo halikuachi.